Kuhamisha Meseji za Alfajiri

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tangu jana. Umeme hakuna. Nimefika zahanati viatu mkononi, maji yamejaa barabarani, wapagazi na mikokoteni yao wamejibanza kwenye baraza za maduka. Mlinzi ndiyo kwanza alikuwa anawasha jenereta. Nimepanda hadi chumbani kwangu ghorofa ya pili, ambako zamani palikuwa stoo ya magodoro. Seva, kompyuta kuu ya zahanati ninayoitunza, imejiwasha yenyewe. Nimekagua kama kila Jumatatu: bakapu, yaani nakala ya akiba, ipo, nafasi ya diski inatosha, intaneti imerudi.

Chini, Sista Upendo wa maabara kapanga chupa zake na hana wa kumtoa damu. Benchi tupu. Kasema ni mvua. Nami nimesema ni mvua.

Jumanne, 6 Mei

Leo watu wamejaa. Printa ya dirisha la dawa imegoma. Nimeshinda na printa. Siipendi printa.

Alhamisi, 8 Mei

Siku mbaya.

Amekuja Zuhura, binti wa yule mama muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo. Mama yake aliwahi kupasuliwa moyo na anameza dawa ya kuzuia damu isigande. Kila mwezi lazima tumpime. Dawa ikipungua damu inaganda, ikizidi damu haikatiki. Amelazwa hospitali tangu jana. Pua ilitoka damu mpaka majirani wa duka wakaanza kusoma dua.

Zuhura hakuja kugombana. Alikuja kuchukua majibu ya zamani, madaktari wa huko wanayataka. Wakati anasubiri akasema tu, taratibu, "Mama alikuwa anasubiri meseji yenu. Tukajua siku yake bado."

Siku yake ilikuwa Jumatatu.

Nimepanda ngazi mbio. Meseji za Jumatatu hazikutoka. Hata moja. Hakuna kosa lililoandikwa, hakuna onyo, hakuna chochote. Nimerudi nyuma miezi kadhaa. Kila siku ambayo umeme ulikatika alfajiri, kimya kile kile. Tulikuwa tunasingizia mvua, foleni, sikukuu.

Sijala mchana.

Ijumaa, 9 Mei

Nimemweleza Dkt. Hawa, mwenye zahanati. Nilijiandaa njia nzima kutoka Ilala jinsi ya kusema bila maneno ya kikompyuta.

Meseji za kuwakumbusha wagonjwa hutoka saa kumi na moja alfajiri, kabla mtu hajanywa chai, maana wengi hupimwa na njaa. Anayezituma ni cron, programu kongwe inayotazama saa tu. Saa ikifika mashine ikiwa inawaka, inafanya kazi. Saa ikifika mashine imezimika, basi, imepita. Mashine ikiwaka baadaye cron haiulizi imekosa nini. Inangoja kesho.

"Na kesho inatuma za kesho," akasema Daktari.

"Ndiyo."

"Za jana hazitumwi na mtu."

"Hazitumwi."

Ameelewa haraka kuliko nilivyotaka. Amevua miwani.

Nikamwambia dawa yake ipo, na haihitaji kununua kitu. Ndani ya seva hiyo hiyo kuna systemd, msimamizi anayewasha na kuzima huduma zote. Naye ana taima zake, saa za kupangia kazi. Taima inakumbuka ilifanya kazi lini mara ya mwisho. Ikiamka ikakuta imepitwa, inafanya kwanza iliyopitwa. Naomba kuhamisha kazi zote huko.

Akasema, "Mpigie Kessy. Yeye ndiye aliyejenga mfumo huu."

Imeniuma. Kessy aliondoka hapa muda mrefu, yuko ofisi kubwa maeneo ya Posta, katikati ya jiji. Mimi ndiye niliyepo kila siku. Lakini nimempigia.

Mchana wote mimi na Upendo tumewapigia simu wale wa Jumatatu, mmoja mmoja. Wengi wamecheka, wamesema watakuja. Simu ya Zuhura haikupokelewa.

Jumamosi, 10 Mei

Kaka Kessy amekuja na shati jeupe lililonyooka kama ana harusi. Kila mtu amefurahi kumwona. Hata mimi. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi, nikiwa nimetoka Masasi na cheti changu, nikiogopa hata kugusa waya. Alikuwa ananiwekea kiti karibu yake na kuniambia soma kwa sauti, kila mstari, mpaka uuelewe.

Leo amesoma mistari yake ya cron kwa sauti. Kisha akasema, "Mdogo wangu, hii kitu haijawahi kukosea."

Ni kweli. Nikamwambia ni kweli, haijakosea, imefanya alichoiambia. Tatizo ni kile ambacho hakuna aliyeiambia.

Akapendekeza tununue betri kubwa ya akiba. Daktari akasema betri itakayonunuliwa inakwenda kwanza kwenye friji ya dawa. Kessy akapendekeza tusogeze saa mbele, meseji ziende saa nne asubuhi. Upendo akadakia kwamba saa nne mtu ameshakunywa chai na maandazi. Halafu umeme hauna saa zake, unaweza kukatika saa nne vilevile.

Daktari amekubali nijaribu. Kasema kwa upole lakini nimesikia vizuri: nikiharibu, tunarudi kwa Kessy.

Kessy kaniaga mlangoni, kanipiga begani. "Poa, fanya. Ila taratibu." Nimeshindwa kujua kama ametania.

Jumatatu, 12 Mei

Nimeanza na kazi zisizomuumiza mtu. Kufuta faili za muda. Kuangalia nafasi ya diski. Bakapu.

Kwa cron kazi nzima ni mstari mmoja. Kwa taima ni mafaili mawili: moja linasema nini kifanyike, jingine linasema lini. Mwanzoni niliona usumbufu. Kufika mchana nimeshapenda. Kazi naweza kuijaribu peke yake muda wowote bila kusubiri saa yake. Na kwenye faili la lini, mstari mmoja mfupi tu ndio unaobeba mzigo wote: Persistent=true. Ndio unaosema usisahau.

Sikuifuta mistari ya zamani. Nimeweka alama mbele yake ili cron isiisome. Naogopa kufuta.

Zuhura kapokea simu. Mama yake bado amelazwa. Damu imekata. Nimeshusha pumzi.

Jumatano, 14 Mei

Mchana, watu wameenda kula na kuswali, nimefanya kitu nilichokuwa nakitamani. Nimepanga bakapu ya majaribio, kisha nikaizima seva dakika chache kabla ya saa yake. Nikakaa, feni ya seva imesimama, nasikia mpiga debe wa viatu akipayuka chini. Saa ikapita. Nikawasha.

Imeamka. Ikaona imepitwa. Ikaanza kazi yenyewe.

Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Ijumaa, 16 Mei

Nimekaa na Upendo tukafikiria ambalo mimi nisingelifikiria. Umeme ukirudi saa tisa alasiri, mashine itatuma "njoo asubuhi hii bila kula" kwa mtu aliyekwisha kula mara mbili. Kwa hiyo nimeongeza: ikiwa muda umekwenda sana, meseji iseme njoo kesho. Upendo kayaandika maneno yenyewe, maana yangu yalikuwa makavu.

Jumatatu, 19 Mei

Nimehamisha meseji za wagonjwa. Nimekuja mapema. Zimetoka saa yake, bila shida. Watu wamekuja. Hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kimebadilika, na ndivyo inavyotakiwa.

Nimemwandikia Kessy kumweleza. Kajibu kwa kidole gumba tu.

Jumatano, 21 Mei

Umeme ulikatika alfajiri. Niliusikia nyumbani, feni ya mwenye nyumba ikanyamaza. Nikaruka kitandani, nikavaa, nikaja kwa miguu karibu nakimbia.

Mlinzi kawasha jenereta. Seva ikaamka. Taima ikaamka, ikakumbuka, ikaanza kutuma. Kila kitu kama nilivyopanga. Ila kisanduku cha intaneti nacho ndiyo kwanza kilikuwa kinaamka, taa zake zinapepesa. Seva imewahi kuliko njia ya kutokea. Meseji zote zimegonga ukuta.

Lakini safari hii nimeona. Maandishi mekundu, kazi imeshindwa, saa hii, sababu hii. Cron ingekaa kimya. Nikatuma kwa mkono, watu wakafika wamechelewa kidogo.

Nilijaribu kumweleza Daktari tofauti ya kushindwa kimya na kushindwa kwa kelele. Hakutaka kusikia. Kampigia Kessy mbele yangu. "Njoo uangalie, wagonjwa wangu si wa kufanyiwa majaribio."

Nimejisikia mdogo. Nimeumia, basi.

Alhamisi, 22 Mei

Nimerekebisha. Sasa kazi inasubiri intaneti iwe tayari ndipo ianze. Ikishindwa, inapumzika kidogo na kujaribu tena, na tena, na inaanzia pale ilipoishia ili mtu asitumiwe mara mbili. Nimejaribu kwa kuchomoa waya wa intaneti. Imesubiri. Nimerudisha waya. Imeenda.

Kessy hakuja. Nimerudi nyumbani mapema, nimelala.

Ijumaa, 23 Mei

Kila mgonjwa amepata meseji mbili.

Simu ya mapokezi haikunyamaza. Mama mmoja kauliza kama afunge kula siku mbili. Mwingine kasema watoto wake walidhani ni matapeli. Mzee Likwati, fundi cherehani, yeye kaamini meseji ya pili maana yake damu yake imeonekana mbaya. Kaja na wanawe wawili, begi la nguo na mto, tayari kulazwa. Upendo kamkalisha, kampima, kamwambia mzee uko salama. Hakutaka kuondoka. Anasema kama niko salama mbona mmeniita mara mbili?

Nilipanda juu nikafungua kumbukumbu za seva. Taima yangu ilituma mara moja. Ya pili imetoka cron. Mstari wa zamani umeondolewa alama, jana jioni. Jina la aliyeingia liko wazi. Kessy.

Daktari alimwomba, akaingia kwa mbali akiwa kwake, akarudisha mstari wake. Taima akaiacha. Mimi hakuna aliyeniambia kitu.

Nina hasira. Naandika ili isiniharibie kesho.

Jumamosi, 24 Mei

Sikumpigia. Mambo mengine hayafai kwenye simu. Nimeenda Posta, nikamsubiri chini ya jengo lao mpaka akatoka. Tumekaa kwenye mgahawa wa jirani. Kaagiza chai, mimi maji.

Nikamwambia yaliyotokea, mpaka mto wa Mzee Likwati. Alicheka, kisha akaacha.

"Daktari alinipigia ana wasiwasi," akasema. "Ulitaka nifanye nini?"

"Unipigie mimi."

Kazungusha kikombe.

"Tekla, ile ndiyo kazi ya kwanza kujenga kwa mikono yangu," akasema mwishowe. "Hapa ofisini nasaini makaratasi tu. Wakati mwingine naingia kwenye ile seva kuiangalia tu inavyokwenda. Hakuna kitu kingine kinachonigusa hivyo."

Sikutegemea hilo. Hasira ikanitoka, kikabaki kitu kizito zaidi. Nilikuwa nimekuja na maneno makali nikayakosa. Nikamwambia kaka, ulichojenga kimewahudumia watu miaka yote na mimi nimesoma humo humo. Lakini watu wawili hawawezi kushika usukani mmoja, mmoja akiwa hamwoni mwenzake. Jumatatu nitaifunga akaunti yako.

Kasukuma kikombe pembeni. "Funga," akasema.

Hakutabasamu. Tumeagana kwa mkono, kama watu wa ofisi. Nimetembea mpaka Ilala. Nimehuzunika kuliko nilivyokuwa jana na hasira zangu.

Jumatatu, 26 Mei

Kabla ya kufunga nimeingia kwa Daktari. Nimeongea nimesimama. Nimemwambia meseji mbili zimetoka kwa sababu kazi moja ilipewa watu wawili kisirisiri. Kama ananiamini, aniambie mimi. Kama haniamini, aseme leo, nitakabidhi kila kitu kwa atakayemtaka, vizuri, bila ugomvi.

Nilikuwa naogopa sana. Nina kodi na mdogo wangu anasoma. Lakini nilishasema.

Daktari kavuta kiti. Kaniambia nikae. Kisha akasema tangu Mama Zuhura alazwe halali vizuri, na mtu asiyelala humpigia yeyote. "Sikukutendea haki," akasema. Nilijua hatarudia, hivyo nimelihifadhi.

Nimefunga akaunti. Nimefuta ile mistari ya cron, yote. Safari hii sikuweka alama. Nimefuta.

Alhamisi, 29 Mei

Mama Zuhura karuhusiwa kutoka hospitali. Mchana nimekwenda kumwona dukani. Kakaa kwenye kigoda katikati ya vitenge vyake, kakonda, kajifunga khanga kichwani, na bado anamfokea Zuhura kwa kukunja vibaya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni nani?"

Zuhura kamwambia, huyu ndiye dada wa kompyuta wa zahanati, wa zile meseji. Mama kanishika mkono.

"Kumbe ni wewe unayeniandikia! Kila nikiamka kuswali siku ya kupimwa naikuta. Nilikuwa nasema, kuna binti huko anaamka kabla yangu kwa ajili yangu. Mwezi huu nikasema, huyu binti naye ana yake, labda anaumwa."

Nilifungua mdomo nimweleze. Kwamba hakuna binti, kuna mashine, na mashine ilikuwa imelala. Nikashindwa. Nikamwambia, "Nisamehe mama, sikuamka siku ile."

Kasema hakuna neno, binadamu huchoka. Kanikatia kipande cha kitenge cha kijani, nimekataa, kaniwekea kwenye mkoba kwa nguvu.

Nimerudi kazini na kitenge mkobani. Sijui kama nilidanganya.

Jumatatu, 2 Juni

Umeme umekatika. Mvua tena.

Nimefika, mlinzi akawasha jenereta. Nimekaa mbele ya seva, mikono nimeikalia ili nisiguse kitu. Imeamka. Taima imekumbuka alfajiri yake. Ikasubiri intaneti. Intaneti ikaja, ikaanza kutuma, mtandao wa simu ukakataa katikati. Ikaandika imeshindwa. Nikakaribia kuinuka. Ikapumzika. Ikajaribu tena, kuanzia pale ilipoishia.

Zote zimetoka. Muda bado ni wa mapema, watu hawajanywa chai.

Nikashuka chini kusubiri kama mgonjwa. Akaja wa kwanza, analalamika matope. Wakaja wengine. Mzee Likwati kaja bila begi, kanionyesha simu yake kwa mbali, kidole kimoja juu: moja tu. Mama Zuhura kaja kashikwa mkono na binti yake, Upendo kamchoma sindano, majibu mazuri.

Saa nne Kessy kaandika. Ya kwanza tangu Posta. "Huku umeme umekatika tangu alfajiri. Kwako?"

"Na huku. Zimeenda zote."

Nilimwona anaandika, anaacha, anaandika.

"Safi sana mdogo wangu."

Nikamwambia siku moja aje aone, nitamsomea kila mstari kwa sauti. Akasema atakuja Jumamosi, nisipike visivyolika. Nimecheka.

Jumanne, 3 Juni

Jua. Barabara imekauka, vumbi limeanza.

Nimekunywa chai chini na Upendo, ana kesi ndefu na mwenye nyumba wake kuhusu bomba la maji. Tumeiongea yote. Kisha ile printa imegoma, nimehangaika nayo.

Kwenye saa tano ndipo nimekumbuka kwamba sijaangalia meseji za leo. Nimeangalia. Zilishatoka. Nimefunga dirisha la kompyuta, nikaenda kunawa wino mikononi.